Programu za Bure Zilizorudisha Nyimbo za Mzee Nyamhanga

Marahaba, wajukuu zangu. Najua bado hamjanisalimia, vichwa vyenu vimeinamia simu, lakini naitikia mapema ili tuendelee na yetu. Mimi ni Robi, wengi wananiita Mama Mwita, na miaka yote ya ule msako wa dhahabu nilikuwa na duka la kompyuta pale Kewanja, ubavuni mwa mgodi. Nilichapa barua, nikasafisha picha, nikarekodi kwaya, nikafufua mashine ambazo wenyewe walishazifanyia matanga. Sasa nimestaafu, nafuga kuku huku Kemambo, na kompyuta yangu ya mezani, kongwe kuliko baadhi yenu, inawaka kila asubuhi bila kukohoa.

Juzi mjukuu wangu Ghati alinipigia simu kutoka Tarime. Amenunuliwa kompyuta, anataka kujua aweke programu gani. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Lakini bibi, kuna rafiki yangu atanipa zile za kulipia zilizovunjwa kufuli." Nilikasirika mpaka kuku wakatawanyika. Ndiyo maana naandika haya, kwa Ghati na kwa wote wenye marafiki wa namna hiyo.

Kwanza muielewe Kewanja ya wakati ule. Hakuna neno lililotisha watu kama neno "bure". Tapeli wa dhahabu alianza nalo hilo hilo: anakupa punje moja ya kweli, anakuambia nenda kaipime popote, sitaki kitu, halafu kesho anakuuzia mfuko mzima wa shaba. Kwa hiyo nilipomwambia mteja kwamba programu ninayomwekea haina bei, alishika mfuko wake wa suruali. Mzee mmoja aliniambia, "Mama Mwita, bure iko kanisani tu, na hata huko kikapu cha sadaka kinapita."

Nilibishana nao miaka. Niliwaeleza kwamba kuna watu huko duniani wanatengeneza programu na kuzitoa kwa yeyote, tena wanakuruhusu uzinakili umpe jirani. Walitikisa vichwa kunionea huruma. Halafu wanakwenda mjini kununua CD ya programu ya wizi, wanarudi na virusi, na wananilipa mimi kuviondoa. Nilikula vizuri kwa ukaidi wao, siwezi kulalamika sana.

Mimi mwenyewe niliijua habari hii kwa Fundi Sefu, fundi redio wa Tarime, mtu wa Tanga aliyekuja na mzigo wa vitenge akaishia kuoa na kubaki. Kibanda chake kilinukia risasi ya kulehemu na kahawa. Nilijifunza kwake kabla kompyuta hazijatufikia, na zilipofika tulijifunza pamoja, yeye akivaa miwani miwili kwa mpigo. Ndugu yake wa Mombasa alimletea CD ya Linux, ambao ni mfumo mzima wa kuendeshea kompyuta, wa bure. Sefu alikuwa na desturi moja iliyowaudhi wateja. Ukimletea redio iliyokufa, anachomoa umeme, anakaa, anakunywa kahawa. "Robi mwanangu," alikuwa akiniambia, "kifaa kikifa, mwenye haraka ndiye humaliza kukiua. Toa umeme kwanza, kisha ufikiri." Nililiona jambo dogo. Subirini mtaona lilivyonifaa.

Sasa programu zenyewe. Kwa barua na hesabu wekeni LibreOffice. Mimi nilianza nayo ikiwa na jina jingine, na nimechapa humo mialiko ya harusi, barua za posa na matangazo ya ng'ombe waliopotea. Siri moja tu: ukimpelekea mtu barua, ihifadhi kwa PDF, isije ikavurugika kwenye kompyuta yake akasema bibi Robi hajui kupanga aya. Kwa video wekeni VLC. Shemeji mmoja kutoka Isebania, ng'ambo ya mpaka wa Kenya, aliniletea diski ya arusi, iliyokataa kila kompyuta ya upande wao. "Hii kitu imekataa kila mahali, mama, hata usijisumbue," akasema. Nikaitia kwenye VLC, mara bibi arusi huyo, anatembea na jasho lake. Shemeji aliruka. Akauliza, "Sasa hii ni free aje? Nani analipa?" Nikamwambia sijui, na nimeacha kuuliza.

Kwa picha kuna GIMP. Inataka uvumilivu, vitufe vyake ni vingi, lakini mkononi mwa mtu mtulivu inafanya maajabu. Ila isitumiwe kwa uongo mbele ya Wakurya. Kijana mmoja, naye Mwita lakini si mwanangu, aliniletea picha yake akiwa mbele ya zizi la baba yake, akaomba nimwongezee ng'ombe nyuma, eti anataka kuitundika sebuleni. Nilimwonya kwamba kopi ya ng'ombe ni ng'ombe yule yule. Akasisitiza, nikamwekea, zizi likajaa. Kumbe picha ikapelekwa kwa wakwe watarajiwa. Baba wa binti aliitazama mara moja tu, akasema, "Mura," ndivyo tunavyomwita kijana, "hawa wawili wana baka moja, mahali pamoja, na wote wamekunja sikio la kushoto. Mama yao ni nani?" Mtu anaweza kudanganya watu wetu kuhusu dhahabu, lakini kuhusu ng'ombe hapana. Mwita alioa baadaye, kwa ng'ombe wa kweli, na mpaka leo wanamwita Baka.

Haya, nifike kwa Mzee Nyamhanga, maana yeye ndiye kiini cha habari yote.

Mzee Nyamhanga alipiga litungu, kile chombo chetu kikubwa cha nyuzi, na hakuna aliyelipiga kama yeye. Alikuwa na nyimbo za ng'ombe, za mapenzi, za kumsema mtu mchoyo. Lakini wimbo uliokuwa roho yake ulikuwa ule wa rika lake, wale waliotiwa jandoni pamoja naye. Aliutunga mwenyewe. Humo alimwita kila mmoja kwa jina, walio hai kwanza, kisha waliotangulia, na kila jina na sifa yake. Rika lake lilipokutana, hawakula nyama kabla wimbo ule haujapigwa.

Mwanawe Chacha alitajirika kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo. Alimpenda baba yake kweli kweli, akamleta dukani kwangu nirekodi nyimbo zote. Shida ilikuwa karasha, zile mashine za kusaga mawe, zilizounguruma mtaa mzima. Mzee alikaa, akafunga nyuzi, akasikiliza. "Robi, hizo zinaimba nini?"

"Zinaimba njaa, tata," nikamjibu, maana kwetu baba ni tata.

"Mbona zinaimba vibaya hivyo?"

Hapo Audacity ikaniokoa. Shikeni hili, wanaorekodi. Kabla msanii hajaanza, rekodi kelele peke yake, kila mtu akae kimya, karasha zijiimbie. Halafu unaionyesha programu: kelele ndiyo hii. Ukishamaliza kurekodi, unaiambia iiondoe, na inaiondoa. Usizidishe tu, maana ukibana sana litungu linageuka bati. Mzee aliposikia litungu lake limetoka safi bila karasha, alivua kofia akaiweka mezani. "Umewafukuza," akasema.

Nilimwandalia Chacha nyimbo zote kwenye flashi. Akazihakikisha, akaridhika, kisha akasema, "Sasa futa za kwako. Mbele yangu, nione."

Nikamsihi aniachie nakala moja ya akiba. Akakataa katakata. Mtu wa dhahabu haachi hata vumbi kwenye mizani ya mwenzake, na Chacha aliona kwamba wimbo ukibaki kwangu utauzwa kwenye vibanda vyote mpaka Mugumu. "Kitu cha baba yangu hakiwezi kuwa cha bure," akasema. Nikafuta, yeye akisimama nyuma ya bega langu. Akaondoka, akaziweka kwenye kompyuta yake mpya ya mezani kule nyumbani kwake Nyamisangura, na flashi ile akajazia filamu.

Mvua zikaja zikapita. Siku moja Mzee Nyamhanga alikuwa anamfunga dume, dume likavuta, kamba ikamkamata vidole. Vilipona vimekakamaa, na litungu likaning'inia ukutani. Mzee hakulalamika, alisema nyimbo ziko kwa Chacha. Na mkutano wa rika lake ulikuwa unakaribia, ndugu wa Kehancha, upande wa Kenya, wameshapewa taarifa, dume lilelile likiwa ndilo la kuchinjwa.

Chacha alipokwenda kuziandaa hizo nyimbo hakuzikuta. Kompyuta yake ilikuwa imeugua virusi wiki chache nyuma, kwa sababu ya hizo hizo programu za kuvunjwa kufuli, akaipeleka kwa kijana mmoja mjini. Na mnajua mafundi wetu. Kompyuta ikiwa nzito, wanapiga Windows, yaani wanafuta na kuweka mfumo upya. Ikikataa sauti, wanapiga Windows. Nadhani hata ikikosa umeme wangepiga Windows. Kijana hakuuliza kuna nini ndani. Alisafisha diski nzima, akapiga mfumo mpya, akairudisha inang'aa, na Chacha akamshukuru.

Alikuja kwangu amebeba kompyuta mwenyewe, ameifunga blanketi kama mtoto mgonjwa. Hakuwa Chacha ninayemjua. "Shikamoo, Mama Mwita," akasema, na sikumbuki kama alikuwa amewahi kuniamkia kabla. "Baba hajui. Rika linakuja, na nimewaahidi. Kama nyimbo zimepotea, nitamwambia nini? Mkono wenyewe ndio ule."

Nilimhurumia. Nilitaka pia kumkumbusha ni nani aliyesimama nyuma ya bega langu akisema futa, lakini nilimtazama usoni nikaliacha. Tayari alikuwa ameinama anatafuta soketi ili aiwashe anionyeshe.

"Usiwashe!" nikapiga kelele. "Chacha, ukishaosha mchanga ukatoa dhahabu, imekwisha yote?"

"Haiishi. Inabaki kwenye marudio."

Marudio ni ule mchanga uliokwisha kuoshwa. Wajanja huununua, huuchenjua tena, na wengine wametajirika kwa mchanga ambao wenzao waliutupa.

"Na mtu akija kumwaga kifusi juu ya marudio yako?"

"Nitapigana naye!"

"Basi diski yako ni marudio. Nyimbo zako zimefutwa jina tu, zenyewe ziko humo. Kila unapoiwasha, kila filamu unayoiweka, unamwaga kifusi. Umeweka filamu?"

Akatazama chini. "Chache."

Nikachomoa kila waya. Nikatengeneza kahawa, nikakaa, nikamsikia Fundi Sefu, ambaye wakati huo alikuwa ameshafariki, Mungu amrehemu. Chacha alinitazama kama mtu aliyeleta mgonjwa kwa daktari akamkuta anakula. Kahawa ilipoisha nilijua njia: diski yangu na ile flashi zilikuwa zimeshajazwa mambo mengine, tumaini lilibaki kwenye diski yake tu.

Sikilizeni sasa, maana siku moja itawakuta, kwa picha za mtoto au kazi ya chuo. Usiingize programu yoyote kwenye diski iliyopotelewa. Washa kompyuta kwa Linux iliyo kwenye flashi, ile inayofanya kazi bila kuandika chochote kwenye diski ya ndani. Kisha tumia PhotoRec. Jina linasema picha, lakini inachota nyimbo, barua, kila kitu. Sura yake ni mbaya, maandishi meupe kwenye giza, wala haina kitufe cha kupendeza. Na vitu inavyovipata uvihifadhi kwenye diski nyingine kabisa, usirudishe kwenye marudio. Vyote ni vya bure. Chacha aliposikia hilo hakushika mfuko kama wale wengine.

Programu ikaanza kuchota. Tatizo lake ni kwamba inarudisha vitu bila majina, namba tupu, vimechanganyika. Ilibidi tuvisikilize kimoja kimoja, na mimi nisingeweza kutambua mapigo yote. Chacha ikabidi amwambie baba yake. Mzee akaja, mkono wake ameukunja kifuani, akakaa kwenye kiti kile kile alichorekodia. Hakugomba. Alisema tu, "Fungua tusikie."

Tulisikia mambo. Tulisikia mhubiri, tulisikia watu wa filamu wakipigana, tulisikia sauti ya Chacha mwenyewe akifanya mazoezi ya hotuba ya kwenda ukweni, anakohoa na kuanza upya. Mzee alicheka hadi akajishika mbavu. Halafu nikafungua namba nyingine, uzi mmoja ukalia, na Mzee akanyoosha kidole kizima alichobaki nacho. "Huo ni wa ng'ombe mweupe." Nikafungua mwingine. "Huo wa mchoyo." Aliutambua kila wimbo kwa uzi wa kwanza, kabla sauti yake haijaingia, na kila mmoja niliuandika jina lake pale pale. Zilirudi, watoto! Zilirudi nzima, moja baada ya nyingine, na mimi nilikuwa napiga vigelegele dukani mpaka jirani wa karasha akaja kuuliza nani ameolewa.

Wimbo wa rika ulikuja mwisho. Ulianza vizuri, litungu lake, kikohozi chake kidogo, majina ya walio hai. Ulipofika kwa marehemu ukakatika. Nilijaribu kila ninalolijua. Kipande kile kilikuwa kimelaliwa na filamu, na kilicholaliwa namna hiyo hakuna programu duniani, ya bure wala ya mamilioni, inayokirudisha. Niliwaambia ukweli. Chacha alifunika uso kwa viganja akalia bila aibu.

Mzee akamgusa bega. "Mura, nyamaza. Hapo panatosha kuanzia."

Sikumwelewa mpaka siku yenyewe. Rika lilikusanyika kwenye boma lake, wazee waliovuka mpaka na fimbo zao, wengine wamevaa vile viatu virefu vya mbao vya kuchezea. Niliweka kompyuta yangu ya mezani chini ya turubai, jenereta mbali, spika mbili, na maikrofoni, kwa sababu fundi hasafiri bila maikrofoni. Nikaufungua wimbo. Litungu la Mzee likajaa uani, mwenyewe amekaa na mikono yake magotini, na kila aliyeitwa akainuka, akapiga mguu chini. Mbao ziligonga ardhi mpaka vumbi likapanda.

Nilikuwa natazama skrini, najua mahali unapokatika. Ukakatika. Spika zikanyamaza.

Mzee Nyamhanga akainuka. Bila litungu, kwa sauti yake kavu, akamwita marehemu wa kwanza na sifa yake. Wazee wakaitikia kwa miguu, kwa mapigo yale yale ya nyuzi. Akamwita wa pili. Mwingine akadakia sifa aliyoisahau, mwingine akaongeza, na majina yakaenda namna hiyo, wote wanaimba, wote wanapiga chini, mpaka wa mwisho. Sijawahi kusikia kitu kikubwa kama kile. Na mkono wangu, asante Fundi Sefu, ulikuwa umeshabonyeza kitufe chekundu cha Audacity tangu mguu wa kwanza ulipogonga.

Wiki hiyo hiyo niliunganisha vipande viwili. Litungu linaanza, likinyamaza linapokewa na miguu na sauti za wazee. Mahali pa kiungo hupasikii. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na sioni haya kujisifu.

Lakini siku ile ile ya mkutano, kabla nyama haijaiva, mzee mmoja wa Kehancha alinijia, akauliza kama anaweza kupata nakala ya zile nyimbo aende nazo. Nikamtazama Chacha. Nilijua atakachosema, na nilikuwa nimeshaweka kidole kwenye kitufe cha kufuta kwa uchungu.

Chacha akaja mezani. Akatoa mfukoni flashi mpya, nyingi, bado zimo kwenye karatasi zake, akazimwaga mbele yangu.

"Mpe yeye," akasema. "Wape wote, Mama Mwita. Na wao wakawape wengine. Na wewe ubaki nazo."

"Kwa bei gani?" nikamuuliza, kwa uchokozi tu.

"Bure!" akasema, kwa sauti ambayo uani mzima uliisikia.

Basi Ghati, mwambie rafiki yako abaki na zake. Nyimbo ninazo, kwenye folda ya kwanza kabisa, na programu zote zimepangwa pembeni yake. Njooni Kemambo na flashi zenu, na safari hii mniamkie kwanza.